Mgonjwa asiondoke dirishani mikono mitupu: barua ya wazi kuhusu majibu ya vipimo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Zanzibar; Katibu Mkuu; Afisa Mdhamini wa Wizara, Pemba; wakurugenzi wa hospitali na madaktari dhamana wa wilaya za Unguja na Pemba.

Assalaamu alaykum.

Tunaokuandikieni ni watu wa maabara, wauguzi na wasindikizaji wa wagonjwa. Hatukuja kumshitaki mtu wala hospitali. Tuna ombi moja: kila anayetoa damu, mkojo, makohozi au kinyama (kipande kidogo kinachokatwa mwilini kwa uchunguzi) aondoke na kikaratasi kitakachomwezesha kuyaulizia majibu yake, na siku atakayouliza awepo mtu mwenye wajibu wa kumjibu.

Neno linalosikika kuliko yote kwenye madirisha ya maabara ni "bado". "Majibu bado, njoo kesho." Anayelisema hana ubaya, ana foleni mbele yake na wodi inamwita. Lakini "bado" hiyo moja ina maana tano. Sampuli haijafika maabara. Au imefika ikakataliwa. Au imepokewa, ila kitendanishi, yaani dawa ya kupimia, kimekwisha au mashine imesimama. Au imeshapimwa, inasubiri saini. Au imeshasainiwa na kupelekwa kwa daktari ambaye zamu yake imemalizika, na karatasi iko ndani ya saraka. Anayesubiri saini anaweza kukaa kwenye benchi nusu saa. Aliyekataliwa sampuli anatakiwa atolewe damu nyengine sasa hivi. Wote wawili wanaambiwa njoo kesho, na kwa mtu wa visiwa vidogo vya Kojani au Tumbatu kesho hiyo ni mashua ya kuvuka, nauli ya gari na siku nzima ya kazi iliyopotea.

Tena watu wetu wamelelewa kutomsumbua daktari. Mama mtu mzima hukaa tangu asubuhi akaona haya kuuliza mara ya pili. Wengine hurudi nyumbani wakijipa moyo kwamba kama kungekuwa na neno, wangeitwa. Hapa ndipo tunapokuombeni mtusikilize kwa makini zaidi: kimya hakina maana yoyote ya kitabibu. Majibu mazuri na majibu yaliyopotea hunyamaza namna moja. Makosa mengi ya maabara hayatokei kwenye mashine. Hutokea kabla sampuli haijafika na baada ya jibu kutoka, yaani njiani, kwenye kalamu, kwenye saraka. Mashine haiwezi kuyaona makosa hayo. Mtu pekee anayejua kwamba siku imepita na jibu halikuja ni mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo swali lake ni sehemu ya kazi ya maabara, si usumbufu.

Ila huwezi kuuliza usichokijua jina. Ukimuuliza mtu amepima nini atakujibu "damu". Damu ipi? Kiwango cha damu, sukari, figo, ini, homa ya ini, au ya kuotesha vijidudu? Hivyo ni vipimo tofauti, vichupa tofauti, pengine majengo tofauti. Kikaratasi tunachokiomba kiandikwe jina la kipimo kwa ukamilifu, namba ya maabara, saa sampuli ilipotolewa, kama inapimwa hapo hapo au inapelekwa na inapelekwa wapi, siku na saa ya jibu, na chumba cha kwenda. Chini yake iwepo namba ya simu ya dawati, isiwe ya mfanyakazi mwenye kuhama au kwenda likizo. Haihitaji kompyuta. Kitabu cha risiti chenye kaboni kinatosha: nakala ya juu kwa mgonjwa, ya chini inabaki.

Kuhusu saa, tafadhali iandikwe kwa Kiswahili na kipindi chake. Karatasi ikiandikwa 9:00, mmoja atafika saa tatu asubuhi na mwengine atafika saa tisa alasiri akute dirisha limefungwa. Wote wameisoma sawa. Vile vile saa ya mashine iangaliwe kila umeme unaporudi, maana karatasi inayotoka na tarehe ya miaka iliyopita haimsaidii daktari kujua jibu lipi ndilo jipya.

Na tarehe inayoandikwa iwe ya kweli. Kipimo cha haraka cha malaria husomwa baada ya dakika 15 hadi 20 kwa kufuata maelekezo ya kiboksi chake, hakuna sababu ya mtu kurudi kesho. Picha nzima ya damu, yaani hesabu ya chembe zake, mashine huitoa kwa dakika chache, kwa hiyo jibu ni la siku ile ile. Makohozi kwenye GeneXpert, mashine ya kupima kifua kikuu, hayazidi saa mbili yakishaingia mashinani, lakini mashine nyingi zina nafasi nne tu, basi foleni ndiyo inayoamua, na mgonjwa aambiwe foleni ilivyo. Mkojo wa kuotesha ni siku mbili hadi tatu. Damu ya kuotesha kwa kawaida huwekwa siku tano kabla ya kusemwa kwamba hakuna kilichoota, ila vijidudu vingi huonekana ndani ya siku mbili za mwanzo. Ndugu wa mgonjwa aliyelazwa na homa kali aambiwe hivyo wazi: uliza siku ya pili kama kuna kilichoota, uliza tena siku ya tano jibu la mwisho. Kifua kikuu cha kuotesha huchukua hadi wiki sita au nane, na mtu asiyeambiwa hilo hukata tamaa wiki ya pili asirudi tena.

Sasa kukataliwa kwa sampuli, ambako ndiko kunakofichika zaidi. Kichupa cha kofia ya zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande, lakini dawa hiyo haifanyi kazi kama kichupa hakikupinduliwa taratibu mara nane hadi kumi baada ya kujazwa. Damu ikiganda, hesabu ya chembe haina maana. Cha kofia ya buluu, kinachopima ugandaji, lazima kijae hadi kwenye mstari, maana kimepangwa sehemu tisa za damu kwa moja ya dawa. Kikiwa pungufu, mtu mwenye afya ataonekana ana ugonjwa wa kutoganda damu. Damu iliyosukumwa kwa nguvu kutoka kwenye sindano nyembamba huvunjika, na ikivunjika potasiamu, chumvi mojawapo ya damu, hupanda kwa uongo. Mkojo wa kuotesha ufike maabara ndani ya saa mbili, au uwekwe kwenye friji. Wa kichocho una saa zake pia, baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi. Ukichukuliwa alfajiri unaweza kusema hakuna, kumbe yapo.

Kuna kosa jengine ambalo halikataliwi kwa sababu halionekani. Chembe za damu huendelea kula sukari ndani ya kichupa, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kwa saa kwenye joto la kawaida la chumba. Damu iliyotolewa asubuhi katika kituo cha mbali, ikawekwa kwenye kichupa kisicho na dawa ya kuilinda sukari na isitenganishwe, ikafika maabara baada ya saa sita, inaweza kuwa imepoteza karibu theluthi ya sukari yake. Aliyekuwa na milimoli 8 kwa lita kabla ya kula ataandikiwa chini ya 6. Mtu huyo hakupotezewa majibu, amepewa majibu yanayomdanganya kwamba hana kisukari. Ndiyo maana saa ya kutoa sampuli lazima iwepo kwenye fomu na kwenye kikaratasi: mgonjwa au daktari akiona damu ilitolewa saa mbili asubuhi ikapimwa saa nane mchana, ana haki ya kuomba kipimo kirudiwe.

Tunaomba utaratibu uwe huu: sampuli ikikataliwa, mgonjwa au wodi yake ipigiwe simu siku hiyo hiyo, na sababu iandikwe kwa lugha inayoeleweka, "imeganda", "haitoshi", "haina jina". Leo kukataliwa huandikwa kwenye rejista ambayo mgonjwa haioni, naye hurudi baada ya wiki kuambiwa aanze upya. Mgonjwa naye ashauriwe asisubiri wiki. Alasiri ile ile, au asubuhi ya pili yake, apige simu aulize neno moja tu: imepokewa au imekataliwa?

Majina. Hili ni letu sisi, na halitatatuliwa na mwongozo ulioandikwa nchi nyengine. Katika siku moja ya kliniki wanaweza kuja kina Fatma Juma Ali watatu, mmoja akaandikwa Fatuma, na watoto wawili walioandikwa "mtoto wa Mwanaidi". Khamis huandikwa Hamisi, na wapo wenye jina la cheti na jina la nyumbani wasilolijibu wakiitwa kwa jengine. Jina peke yake lisitumike popote. Yawe majina matatu pamoja na namba ya faili, na umri au tarehe ya kuzaliwa, na kwa Unguja na Pemba shehia husaidia sana. Anayetoa damu asiulize "Wewe ni Fatma Juma?" kwa sababu aliyechoka ataitikia chochote. Aulize "Jina lako kamili nani, unatoka shehia gani?" kisha aandike kwenye kichupa mbele ya macho ya mgonjwa, baada ya kutoa damu, si kabla. Mgonjwa aruhusiwe na ahimizwe kukisoma kichupa chake.

Simu nazo zina adabu yake. Namba iliyo kwenye fomu mara nyingi ni ya mume, kaka au jirani. Jibu la ujauzito, la VVU au la kaswende likipelekwa kwenye namba hiyo limetangazwa. Fomu iulize mambo mawili: namba hii ni ya nani, na akipokea mwengine tuseme nini? Maneno yatoshe kuwa "Tunaomba afike kliniki kesho asubuhi", yasitajwe maabara wala kipimo.

Yapo majibu yasiyotakiwa kumsubiri mgonjwa kabisa. Tunapendekeza kila maabara ibandike ukutani orodha fupi: potasiamu iliyofika 6.5 au iliyo chini ya 2.5; sukari iliyo chini ya 2.5 au juu ya 25, zote kwa milimoli kwa lita. Kiwango cha damu chini ya gramu 5 kwa desilita. Kijidudu chochote kilichoota kwenye damu au kwenye maji ya uti wa mgongo. Madaktari wenu wataongeza na kupunguza. Jibu la aina hiyo lisipelekwe kwa karatasi. Mtu wa maabara apige simu ndani ya nusu saa, anayepokea alisome tena kwa sauti, kisha ziandikwe saa na majina ya wote wawili. Kama mgonjwa ameshaondoka, apigiwe mara mbili ndani ya saa moja, na asipopatikana, mhudumu wa afya ya jamii wa shehia yake apewe ujumbe kwamba hospitali inamhitaji leo, bila ya kuambiwa kwa nini.

Msituambie kwamba visiwani kwetu haiwezekani kulifuata jibu moja hadi mlangoni, kwa sababu tunalifanya. Tangu 2008 vituo vyetu vinaripoti malaria kwa simu ya mkononi, na tangu 2012 taarifa ya kila mgonjwa humfikia afisa wa wilaya mwenye kishikwambi, naye huenda kituoni, kisha nyumbani, akawapima waliomo. Hiyo ni njia mojawapo iliyosaidia kuidhibiti malaria. Mtoto mwenye damu ya 4 anastahili mwendo huo huo.

Mengine hayaui siku hiyo ila yana muda wa kwisha. Mama mwenye kundi la damu hasi aliyejifungua mtoto wa kundi chanya anatakiwa apate sindano ya anti-D, ya kuikinga mimba ijayo, ndani ya saa 72, na kundi la damu la mtoto likikaa mezani toka Alhamisi hadi Jumatatu, saa hizo zimekwisha. Mjamzito mwenye kaswende hutibiwa kwa sindano ya penisilini ya muda mrefu, yuniti milioni 2.4, na inamkinga mtoto vizuri ikiwa imechomwa angalau wiki nne kabla ya kujifungua. Vikaratasi vya vipimo hivi viwe na rangi yao, ili hata asiyejua kusoma ajue kwamba hiki hakingoji.

Tumebakisha kinyama, na hapa tunaomba uvumilivu wenu, kwa sababu mwenye uvimbe kwenye titi halali usiku akisubiri. Kinyama kinapotolewa lazima kiingie mara moja kwenye formalini (dawa ya kukihifadhi kisioze) ya asilimia 10, na formalini iwe mara kumi ya ukubwa wake. Kikiwekwa kwenye maji ya chumvi kitaoza. Kikibanwa kwenye kichupa chenye mdomo mwembamba kitakauka kimepinda na nusu yake haitaingiwa na dawa. Kikae ndani yake baina ya saa 6 na 72: zaidi au pungufu ya hapo, vipimo vya homoni za saratani ya titi, ambavyo ndivyo vinavyoamua dawa, vinaweza kuharibika. Jina liandikwe kwenye kichupa, lisiandikwe kwenye kifuniko, maana vifuniko viwili vikibadilishana kwenye meza moja, watu wawili wamebadilishana ugonjwa. Baadaye kinyama hukaushwa maji, hutiwa nta, hukatwa vipande vyembamba vya mikroni (elfu za milimita) 3 hadi 5, hupakwa rangi, ndipo daktari bingwa akisome. Siku chache ni za lazima, na vipimo vya homoni vinaongeza nyengine. Siku hizo hakuna anayezipinga. Tunachopinga ni wiki ambazo hakuna anayeweza kuzieleza.

Pale sampuli inapovushwa bahari, baina ya Pemba na Unguja au hadi Dar es Salaam, kiwepo kitabu cha safari: namba, siku iliyoondoka, chombo, jina na saini ya aliyekabidhi, jina na saini ya aliyepokea. Siku mbili baada ya kuondoka, mtu mmoja aliyetajwa kwa cheo apige simu upande wa pili kuhakikisha imefika. Mgonjwa akiuliza, asomewe mstari wake.

Jibu likishatoka, nakala iwe yake, au angalau aruhusiwe kulipiga picha kwa simu. Liwe na kizio na kiwango cha kawaida. Sukari ya 7 kwa milimoli ni 126 kwa miligramu, na anayetoka kutibiwa nje na karatasi ya miligramu asiambiwe sukari yake imeshuka kutoka 126 hadi 7. Imetulia pale pale.

Tunajua pingamizi litakalokuja: wafanyakazi ni wachache, na kila mtu akiruhusiwa kuuliza, dirisha litazidiwa. Foleni ya sasa imejaa watu waliokuja kwa sababu hawakupewa tarehe. Mwenye siku iliyoandikwa Alhamisi haji Jumanne. Na kila asubuhi likiwekwa bango mlangoni la vipimo visivyopatikana siku hiyo, wapo watakaogeuza kabla hawajakaa. Kinachohitajika ni vitabu vya kaboni, simu moja yenye salio kwa kila maabara, na mtu mmoja wa zamu mwenye kuijibu. Anzeni na hospitali moja Unguja na moja Pemba kwa miezi mitatu. Hesabuni majibu ambayo hayakuchukuliwa baada ya siku 14, sampuli zilizokataliwa ambazo wenyewe walipigiwa simu siku ile ile, na majibu ya hatari yaliyosomwa tena kwa sauti. Hesabu hizo zibandikwe mlangoni kila mwezi, hata zikiwa mbaya.

Dirisha likishindwa kumjibu mtu, ajue pa kwenda bila ya kuonekana mkorofi: kwanza mkuu wa maabara, kisha muuguzi mkuu wa kliniki au wodi, kisha daktari dhamana. Vyeo hivyo, bila majina, vichapwe nyuma ya kikaratasi. Maneno tunayopendekeza yachapwe hapo ni haya:

"Hifadhi karatasi hii. Ukija au ukipiga simu sema: Naomba unitazamie namba yangu ya maabara. Sampuli imepokewa au imekataliwa? Imeshapimwa? Imeshasainiwa? Iko kwa nani sasa? Siku ya jibu ikipita bila kuitwa, usidhani kwamba uko salama: uliza. Usisubiri siku hiyo, rudi hospitali mara moja, ukipata homa kali, kutokwa na damu, kushindwa kupumua, kuchanganyikiwa au kuzimia. Ukiambiwa njoo kesho, omba iandikwe hapa: sababu, siku, saa, na cheo cha aliyekwambia."

Chini yake iachwe mistari minne mitupu ya kuandikia.

Wasalaam.